Saa Nane

Tulifika saa kumi alasiri, giza likianza kutanda,
Gesche, Ferhat na mimi,
kwenye ukumbi uliokuwa ghala la kahawa
hapa Bremen, kabla kahawa haijahamia kwingine.
Msimamizi akatugawia majaketi kutoka buti la gari.
Yuro thelathini na tano kila moja,
zitakatwa mwisho wa mwezi, msiwe na wasiwasi.
Langu lilikuwa bado na jasho la mtu mwingine,
na mfukoni, tikiti ya tramu ya mwaka juzi.
Mgongoni, kwa herufi nyeupe: USALAMA.
Mvaaji halioni neno hilo. Wanalisoma wengine.

Nikapewa kihesabio,
kidude cha chuma cha kubonyeza kwa dole gumba.
Anayeingia, tik.
Mia tano. Mia tisa. Elfu moja na mia nne,
na karatasi ya zimamoto ukutani inasema
mwisho elfu moja na mia mbili.
Nikamwonyesha msimamizi. Akakichukua,
akazungusha kitufe cha pembeni
mpaka sufuri zote nne zikajipanga.
"Anza upya," akasema.

Gesche ana miaka hamsini na minne,
goti la kushoto limefungwa bandeji.
Hupekua mikoba ya wanawake:
rangi za midomo, funguo, vidonge vya kichwa,
na siku moja kobe mdogo, mzima, akitafuna jani.
Hucheka kila akikisimulia kisa cha kobe.
Choo cha ndani ni cha wageni.
Chetu kiko kituo cha mafuta,
dakika sita kwenda, sita kurudi,
na dakika hizo zinakatwa.
Tangu adhuhuri hajanywa maji.

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga.
Hawakusema kama kinyozi hulipishwa wembe.

Saa nane usiku.
Kijana tuliyemkataa alirudi na wenzake wawili, na chupa.
Ferhat akainua mkono, si wa kupiga,
ule tu wa mtu anayesema ngoja.
Chupa ikamwingia kiganjani.
Redio yangu ya begani haikuwa na betri tangu Jumatano.
Nikaita kwa mdomo. Muziki ukanijibu.

Hospitali wakamwuliza bima.
Akataja kampuni.
Kampuni ikasema huyo ni mtu wa kampuni nyingine,
na hiyo nyingine ikasema jina lake halijafika mezani,
labda Jumatatu.
Nyuzi kumi na moja.
Alinitumia picha ya kiganja, chini yake kaandika:
"Na mlango wangu mimi, kasimama nani?"

Tulifunga saa kumi na moja alfajiri.
Karatasi ilitandazwa juu ya boneti, imelowa,
safu ya majina, safu ya saa.
Mbele ya jina langu: saa nane.
Kana kwamba usiku uliishia pale chupa iliporuka.
Nikasema, tumesimama kumi na tatu.
Akasema kufungua si kazi, kufunga si kazi,
kungoja polisi si kazi.
Saini hapa. Wako ishirini wanaongoja simu yangu.

Gesche alisaini, kalamu ikatoboa karatasi.
Nami nilisaini.
Naliandika hili lisije likasimuliwa vingine: nilisaini.

Ndani ya tramu nikatia mkono mfukoni,
nikakuta kidude. Sikukirudisha.
Nikabonyeza mara tano, polepole,
moja kwa kila saa isiyokuwepo.
Gesche kalala, kinywa wazi, kipaji kimeegemea kioo.
Mwanamke wa kiti cha nyuma akanigusa bega.
Alikuwa amesoma mgongo wangu.
Akauliza kama kituo kijacho ni salama kwa saa hizi.
Nikamwambia sijui,
ila nashuka hapo pia.
Hakikuwa kituo changu.